Waya Niliousugua kwa Majivu

Nilisoma sekondari Mwanza miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu ambavyo wazazi wetu walikuwa wamezoea kuvipangia foleni. Sabuni za kila harufu, betri za kila rangi, mitumba mpaka barabarani. Ila maabara ya shule yetu hakuna aliyeiarifu kwamba mambo yamebadilika. Ilikuwa na meza sita, sinki lisilo na maji, na stuli ishirini za mbao. Hizo stuli ndizo zilizotaka kunitoa roho.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja. Karibu na mwisho wa Kidato cha Pili alitutangazia kwamba mwakani atachukua watu ishirini tu, kwa idadi ya stuli, na sisi tuliotaka tulikuwa zaidi ya arobaini. Wengine wataendelea na masomo ya sanaa.

"Sina ugomvi na sanaa," alisema. "Ila umeme siufundishi kwa watu waliosimama."

Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasikia. Kila mmoja atengeneze sumaku ya umeme nyumbani, kwa msumari mkubwa na waya wa shaba, ailete Jumatano. Sumaku ikishindwa kunyanyua pini kumi, mwenye nayo asahau stuli. Watakaofaulu wakizidi ishirini, yeye mwenyewe ataenda kumsumbua mkuu wa shule.

Mimi stuli ile niliitaka kuliko kitu chochote, na sababu yangu haikuwa ya maana sana. Tulikaa Buzuruga, na mama alikuwa akinituma Igoma kusaga mahindi. Mashine ya pale ilikuwa na tabia ya kufa foleni ikiwa ndefu. Ikifa, watu wazima wote na mabeseni yao wanakaa chini kumngoja fundi wa kusuka mota, mzee mmoja mwenye kibanda jirani. Akifika wanampisha. Anafungua, anachungulia, anaguna, na mguno wake unasikilizwa kuliko mahubiri. Nilitaka siku moja na mimi nigune nisikilizwe. Kwetu nilikuwa wa nne kati ya saba, hata nikilia ilichukua muda mtu kugeuka.

Halafu yale masomo yenyewe yalikuwa yamekwisha kuniingia. Mwalimu alifundisha kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, na alipotaka tuelewe alihamia Kiswahili. Siku ya kwanza ya sumaku alikuja na mchanga wa ziwani umefungwa kwenye gazeti. Akaumwaga mezani, akapitisha juu yake sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu, na sumaku ikaota ndevu nyeusi. Mchanga uleule tuliokuwa tukiukanyaga kila tukienda kuoga ziwani, kumbe una chuma ndani. Nilikasirika kabisa kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia.

Baadaye akaonyesha kwamba waya ukizungushwa kwenye msumari na kupitishwa umeme wa betri, msumari unageuka sumaku. Ukikata umeme, unarudi kuwa msumari. Mizunguko ikiwa mingi, nguvu inaongezeka. Na jambo la mwisho, alilisema akiwa ameshika chaki mlangoni: kabla ya kuunga betri, tukwangue ncha mbili za waya mpaka zing'ae.

Hapo ndipo nilipoharibu, na ili uelewe nilivyoharibu lazima nikueleze habari za mama.

Mama alikuwa hawezi kuona kitu kichafu akakiacha. Kitu chochote ukimkabidhi, hata barua, atakifuta kwanza kwa ncha ya kitenge ndipo akitazame. Vyombo vyetu alivianika kichanjani vimegeuzwa, matako ya sufuria juu, ili kila apitaye ayaone. Watu wa mtaani walikuwa wakimpima binti kwa matako ya sufuria za kwao, msinicheke, ndivyo ilivyokuwa. Yetu yalikuwa meupe kama siku yalipotoka dukani, na aliyeyasugua ni mimi, kwa majivu na mchanga wa ziwani uliokuwa kwenye kopo nyuma ya jiko. Nilisugua tangu darasa la pili. Vidole vyangu havikujua kazi nyingine.

Jumamosi nilienda Igoma kwa yule fundi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nilipomweleza habari za shule akanipa waya aliouchomoa kwenye mota, mrefu, wa rangi ya kahawia iliyofifia, rangi ya chai iliyolala. Sikusema kitu mbele yake, lakini moyoni niliuona mchafu. Na mwalimu si alisema ncha zing'ae? Nikajiambia, kama ncha mbili zikisafishwa umeme unapita, waya mzima ukisafishwa utapita mbio. Mtu kwao kwenye sufuria nyeupe apeleke waya mchafu shuleni, aibu hiyo itakuwa ya nani?

Nikakaa nyuma ya jiko jioni nzima. Nilitia majivu, nikatia mchanga, nikauvuta waya ule kwenye gunzi la mahindi, futi kwa futi, mpaka ukawaka kama kipuli kipya. Mama alipita akausifu. Nikauzungusha kwenye msumari wa inchi sita, mizunguko mia moja, imebanana vizuri, mzuri ajabu. Nilienda kulala nimeshajipa stuli ya karibu na dirisha.

Kuujaribu sikuujaribu, kwa sababu betri zilikuwa mbili tu, za redio ya nyumbani, na mama alikataa zichezewe. Zilikuwa zimechoka, kila mchana tunazianika juu ya jiwe zipate joto ili habari za jioni zisikike. Jumatano asubuhi alinikabidhi kwa masharti kama ananikabidhi mtoto.

Darasani tuliitwa mmoja mmoja mezani. Pini zilikuwa kwenye kifuniko cha kopo. Wenzangu walikuja na waya zao za kahawia, zimezungushwa hovyo, na mimi nikawa nawaonea huruma. Zikanyanyua pini kumi na moja, kumi na nne. Zamu yangu ilipofika, mwalimu aliutazama ule mng'ao, akanisogezea pini. Nikaunga betri. Nikashusha msumari. Ikanasa pini moja, nayo ikaning'inia kidogo, ikadondoka.

Nikarudia. Waya ukaanza kunichoma vidole, nikafurahi, nikijua betri zikipata moto ndiyo zinaamka. Mwalimu ndiye aliyezichomoa.

"Waya huu umeupata wapi?"

"Igoma, mwalimu, kwa fundi wa mota."

"Alikupa ukiwa hivi?"

"Hapana, mwalimu. Ulikuwa mchafu. Nimeusugua."

"Umeusugua na nini?"

"Majivu na mchanga."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilisimama pale masikio yakiwaka, nikiziona stuli zote ishirini zinaondoka na watu. Mwalimu hakucheka, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alisema taratibu kwamba ile kahawia haikuwa uchafu, ilikuwa vanishi, ngozi ambayo waya umevishwa kiwandani. "Sasa umeuchuna. Nenda kakae, ufikiri ngozi ile ilikuwa na kazi gani. Kabla sijamaliza hawa wengine unijibu."

Nilienda kukaa, machozi yako karibu. Lakini hasira zangu zina faida moja, zikipanda sana kichwa kinachangamka. Nikautazama ule waya. Mizunguko mia, imelaliana, shaba kwa shaba. Nikakumbuka njia ya shuleni, inavyouzunguka mlima wa mawe kwa heshima zote, na sisi wanafunzi tunavyoikata katikati kwa kuruka jiwe hadi jiwe. Nani azunguke kama anaweza kuruka? Umeme nao ulikuwa unaruka. Unaingia upande huu, unakata kwenye mguso wa kwanza, unatokea upande wa pili, na mizunguko yangu mia yote inabaki pambo.

Basi dawa ni kuitenganisha mizunguko isigusane. Kwa kitu gani? Sikuwa na vanishi, sikuwa na gundi. Nilikuwa na sweta. Sweta Mwanza ni adhabu tu, lakini ilikuwa sehemu ya sare, na ya kwangu mama aliifuma mwenyewe. Mkono wa kushoto ulikuwa na uzi uliochomoza. Nikauvuta.

Msichana niliyekaa naye dawati moja alinitazama kama nimepata wazimu, kisha akashika msumari bila kuulizwa. Nikafungua waya wote, nikaanza upya, waya na uzi pamoja, ubavu kwa ubavu, mzunguko wa waya, mzunguko wa uzi. Safu ikijaa nafunika na karatasi ya daftari, naendelea juu yake. Yeye anazungusha msumari, mimi nafumuka. Uzi ulifika kwenye kiwiko, ukapita kiwiko. Mbele waliobaki walikuwa watatu, wakawa wawili. Nilimalizia mzunguko wa sabini na kitu mkono wangu uko wazi mpaka begani.

"Haya, mama wa majivu," mwalimu akaita. "Ngozi ilikuwa na kazi gani?"

"Kuuzuia umeme usikate njia, mwalimu."

Nikaunga betri. Zilikuwa zimechoka zile betri, nilizisemesha kimoyomoyo. Nikashusha msumari kwenye kifuniko. Ukanyanyuka na kishada cha pini. Mwalimu akazihesabu kwa kalamu, darasa zima linahesabu naye. Kumi na mbili. Nikachomoa waya, zikamwagika zote mezani. Sijawahi kusikia muziki mzuri kama ule.

Akaandika jina langu. "Mwalimu wa zamu akikuuliza mkono wa sweta, mwambie uko maabara."

Mama sikumpa jibu hilo. Alinikuta mlangoni, akanigeuza huku na huku. "Wiki mbili nimefuma sweta hii. Mkono uko wapi?" Nikatoa msumari na zile betri, nikaiweka ile sumaku juu ya kopo lake la sindano. Sindano zikaruka. Nikachomoa, zikaanguka. Mama akaketi kwenye kigoda, akasema rudia. Nilirudia mara tano, huku namweleza yote, mota, vanishi, kusugua, stuli.

"Kwa hiyo ningekulea mchafu ungefaulu mapema," alisema, na tukacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Habari za jioni hazikusikika siku hiyo, na hakuzidai.

Mkono mpya aliufuma kwa uzi wa kijani. Maduka ya mjini yalikuwa na rangi zote za dunia isipokuwa bluu ya shule yetu. Kidato cha Tatu nilikianza na mikono ya rangi mbili, kwenye stuli, si ya dirishani lakini stuli.

Wiki ya kwanza tuliambiwa tulete waya tena. Nikaenda Igoma, fundi akanipa mwingine wa kahawia, nikauweka mezani nyumbani nikaenda kuchota maji. Niliporudi nilimkuta mama ameushika. Ncha ya kitenge ilikuwa tayari mkononi. Aliutazama waya, akautazama mkono wangu wa kijani, akakiachia kitenge. Akaurudisha waya mezani hivyohivyo, bila kuufuta.