Wilf Outhwaite na Risasi Moja Tu

Saa nne asubuhi, lori la Wilf Outhwaite linasimama nje ya banda la jirani yangu, Bi Nora Sedgwick, kwenye vilima vya Yorkshire, Uingereza. Mvua haijakatika tangu jana. Ndani ya banda yumo Bramble, farasi jike mzee, miguu imemvimba, hainuki tena bila kusukumwa.

Wilf, mwenye miaka 61, ni "knacker". Kazi yake ni kuwamaliza wanyama waliochakaa na kuwaondoa shambani. Wachunguzi wa maneno, bila kuapa, wanasema zamani jina hilo lilikuwa la fundi wa matandiko ya farasi. Baadaye likawa la mnunuzi wa farasi wazee, kisha likazaa kitenzi cha kuua. Leo Mwingereza akichoka hoi hujiita "knackered", yaani amefikia kuchukuliwa na Wilf.

Baani, vijana wakitoka mpirani humtania. "Mzee Wilf, tubebe bwana, tumekwisha!"

"Nyie? Nyama yenu hata mbwa wataisusa."

Yeye mwenyewe halitumii neno hilo. "Nikichoka, nasema nimechoka. Hilo lao nimeliona kwa macho."

Desturi ya huku ni kwamba mwenye farasi hushika kamba, mnyama akila shayiri, na Wilf hupiga risasi moja. Lakini tangu majira ya baridi mkono wake wa kulia unatetemeka, na hajamwambia mtu. Risasi ikienda kombo, Bramble atateseka mbele ya mama aliyemlea tangu akinyonya.

Anatoa bastola. Mkono unacheza. Anairudisha mfukoni.

"Vipi tena, Wilf?"

"Nisamehe, Bi Nora. Mkono huu siuamini." Uso umemwiva kwa aibu. "Ngoja nimwite Hester."

Hester, bintiye mwenye leseni kama yake, anafika akiwa amelowa. "Baba, tangu lini?"

"Piga kwanza. Utanigombeza baadaye."

Tunamsukuma Bramble hadi uani, mvuani. Bi Nora anashika kamba, kisha anamnyooshea Wilf: hawezi. Wilf anaipokea na kumsemesha Bramble polepole, shayiri ikitafunwa. Mlio mmoja. Farasi anaanguka bila hata kurusha teke.

Inauma kutazama, hata kwa sisi tuliozoea.

"Kuanzia leo bastola ni ya Hester," Wilf ananiambia. "Mimi nitawashikia kamba wasioweza. Kama bado watanitaka."

Bi Nora, angali mvuani, anamkatiza. "Tutakutaka, wewe. Punda wangu naye hana siku nyingi."