Kama Hapana, Rudi Swali la Kwanza

Ondiek alisoma hadi fomu foo, ukitoa ile miaka minne. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, sehemu ya pili akiimeza pamoja na chai. Mwaka wa themanini na tatu alikuwa karani wa kibarua katika ushirika mmoja wa maziwa mjini Eldoret. Karani wa kudumu pale alikalia kiti chenye mikono. Kibarua alikalia mkebe mkubwa wa maziwa uliopinduliwa, na Ondiek alikuwa ameukalia miaka miwili mpaka suruali yake ikawa na duara nyuma kama muhuri wa posta.

Lakini shida yake haikuwa mkebe. Shida ilikuwa mdomo. Alipokwenda Ugenya kumposa Seline, alimwambia Mzee Elphas, baba ya msichana, kwamba yeye ni mfanyakazi wa kudumu, tena ana kiti chenye mikono miwili. Kana kwamba kuna vya mitatu! Mzee Elphas, mwalimu mstaafu, akamtazama juu ya miwani.

"Vizuri, mkwe. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nitakuja nikione. Nisipokiona, Seline atabaki jikoni kwa mama yake."

Kwa bahati, meneja wa ushirika, Bwana Jackson, naye alikuwa na shida. Mkulima aliyetaka ng'ombe wake apandishwe kwa sindano badala ya fahali alijaza fomu ya maswali arobaini, na lazima ajibu yote. Mwenye mtamba ambaye hajazaa aliulizwa anakamua lita ngapi. Mwenye ng'ombe tasa aliulizwa majina ya watoto, akaandika ya wake mwenyewe. Foleni ilitoka dirishani, ikapita geti, ikafika kwa muuza mahindi ya kuchoma, ambaye ndiye pekee aliyeipenda.

"Ondiek," akasema meneja, "maliza hiyo foleni, na Ijumaa nitakupa barua ya kudumu."

"Bwana Meneja, hiyo foleni hesabu imekufa."

Ondiek akaketi siku tatu na penseli, akazaa fomu yenye akili. Ujanja wote ulikuwa katika neno moja: kama. Kama ng'ombe hajazaa, ya nini kumuuliza mwenyewe habari za maziwa? Kama ndiyo, pita huku. Kama hapana, pita kule. Alijiona binadamu wa kwanza kuligundua neno "kama", na majirani wote huko Langas alikopanga chumba walipewa habari hiyo, hata wale waliokuwa bafuni. Swali moja tu hakuliwekea njia ya "kama hapana": Je, una kadi ya chama? Enzi zile chama cha siasa kilikuwa kimoja tu; Ondiek alikuwa na maringo, hakuwa na wazimu.

Alhamisi asubuhi fomu mpya zikagawiwa. Wa kwanza alikuwa Mzee Stephen, mkulima kutoka Moiben. Akasoma polepole, midomo ikicheza: Je, ng'ombe wako amewahi kuzaa? Kama hapana, ruka hadi swali la 9. Akasoma tena. Akavua koti. Akampa mtu wa nyuma fimbo yake amshikie.

"Karani, ni mimi naruka ama ni ng'ombe?"

"Ni wewe, Mzee," Ondiek akajibu bila kuinua kichwa. "Ng'ombe hajui kusoma."

Mzee Stephen akaruka. Mbao za sakafu zikalia, kalenda ikaanguka ukutani. Wa nyuma walipoona ndivyo ushirika unavyotaka, nao wakaruka, mmoja mmoja, kwa adabu. Mwingine akauliza swali la tisa liko mbali kiasi gani, ili ajue aanzie mlangoni. Mama Rael wa Kapseret akasimama kando, mikono kiunoni.

"Wangu amezaa mara tatu. Mimi siruki!"

Ondiek alicheka hadi akatoka jasho ndipo akawaeleza. Lakini kuruka ama kutoruka, kila mtu alijibu maswali sita tu akaenda zake, na kabla ya saa sita foleni ilikwisha. Muuza mahindi akaja kulalamika kwa meneja.

Bwana Jackson akafurahi. "Sasa nitengenezee na fomu ya kuajiri watu wa kudumu, namna hiyo hiyo. Kesho utaijaza wewe wa kwanza."

Ondiek akaiandika mbio mbio huku akipiga mluzi. Mama Leonida, mpiga taipu wa ofisi, akaisoma mara mbili.

"Ondiek, hii ina kona kuliko barabara ya kushuka Tambach. Mtu akiingia atatokea wapi?"

"Mama, wewe piga taipu. Kufikiri niachie mimi."

Mama Leonida akapiga taipu.

Ijumaa saa nne, Mzee Elphas akaingia na kofia yake. Ondiek alikuwa amekwisha kujiweka kwenye kiti chenye mikono, kilichokuwa wazi tangu karani wa kudumu ahamishwe, kikimngoja. Meneja akamletea fomu na kusimama na muhuri mkononi. Mzee akasogea, miwani juu ya bega la mkwe.

Swali la 1: Je, wewe ni mfanyakazi wa kudumu? Kama ndiyo, nenda swali la 3. Kama hapana, nenda swali la 2.

Ondiek akaweka kiwiko juu ya karatasi.

"Mkwe, toa kiwiko."

Akiandika ndiyo, meneja anamwona mwongo. Akiandika hapana, Mzee anamwona mwongo. Mkono, ambao haukuwahi kujisifu popote, ukaandika hapana. Mzee Elphas akakohoa.

Swali la 2: Je, una barua ya kudumu? Kama hapana, rudi swali la 1. Akarudi. Hapana. Akaenda la pili. Hapana. Akarudi. Na swali la 3, Weka sahihi upewe barua, likabaki ng'ambo kama mji wa wengine.

"Bado?" akauliza meneja.

"Bado nazunguka, Bwana Meneja."

Bwana Jackson akaichukua, akazunguka nayo mara mbili, akakuna kichwa. "Mama Leonida, hii inatokea wapi?"

"Mimi napiga taipu tu. Kufikiri ni kazi ya Ondiek."

Mzee Elphas akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Nami nina swali langu. Ulinidanganya? Kama ndiyo, ruka."

"Niruke hadi swali la ngapi, Baba?"

"Nani ametaja swali? Ruka!"

Ondiek akainuka, akaruka mbele ya mkwewe. Mzee Stephen, aliyekuwa amerudi kuchukua kadi ya mtamba wake, akapaza sauti dirishani: "Kunja magoti, karani! Na uvue koti!"

Alipotua mara ya tatu kalenda ikaanguka tena, na Mzee Elphas akashindwa. Akacheka hadi akaishika meza.

"Basi. Aliyeruka hivi mbele yangu hawezi kunidanganya tena. Seline atakuja."

Meneja akagonga muhuri pembeni mwa fomu, mahali ambapo swali halifiki. Ondiek akageuka akalie kiti chake. Mzee Elphas alikuwa amekwisha kukikalia, akiipapasa mikono ya kiti mmoja baada ya mwingine, na hakuondoka hadi chai ya saa kumi. Mfanyakazi wa kudumu akaketi kando yake, juu ya mkebe.