Nilihangaika miezi mingi kunyamazisha feni za kompyuta yangu hapa Kirolirwe, ilipotulia binti yangu akanikamata

Wakuu, salamu kutoka Kirolirwe, Masisi, Kivu ya Kaskazini. Huku baridi inauma, ng'ombe wanalia nje, na mimi nimekaa mbele ya kompyuta ambayo leo haisikiki kabisa.

Haya yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Kuna sehemu nitajiaibisha lakini bora niseme yote. Kiswahili changu ni cha Kongo. Nitajitahidi kuandika chenu, cha kwetu kikiponyoka mtanisamehe.

Bon.

Mimi ni mzee wa miaka hamsini na kitu. Nina secrétariat ndogo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu: nachapa barua, nafanya photocopy, nachapisha picha. Ila kazi kubwa ni montage, kukata na kuunganisha video za ndoa na ubatizo. Umeme ni wa solar, kwa hiyo nafanya kazi jua likiwepo tu.

Mke wangu alishafariki. Mungu alitupa mtoto mmoja, Furaha, ambaye ni muuguzi kwenye kituo cha afya kule Ntoto, upande wa Walikale. Ukiangalia ramani utaona ni karibu. Usidanganyike. Ni pikipiki, matope, misitu, na mvua ikinyesha sana unabaki njiani.

Kila Jumapili saa tisa mchana, Furaha anatembea mpaka dukani kwa Papa Muhindo, mfanyabiashara wa Butembo ambaye ana connexion ya satellite pale Ntoto, ananipigia. Mimi napokea kwenye kompyuta. Simu yangu kubwa ilizama kwenye hodhi la kunyweshea ng'ombe, nimebaki na ya vitufe. Internet naivuta kwa majirani zangu wa parokia.

Ile simu ya Jumapili njo (ndiyo) wiki yangu yote, wakuu. Siku zingine nikifungua mdomo ni kuuliza mteja "kopi ngapi?", basi.

Sasa tatizo.

Kompyuta yangu ni mtumba kutoka Goma, ililetwa juu ya pikipiki imefungwa kwenye godoro. Inafanya kazi vizuri, lakini kelele! Ina card ya video yenye joto, na feni moja ndogo nyuma iliyokuwa inalia kama mashine ya kusaga mahindi. Nilishazoea. Sikuwa hata naisikia tena.

Aliyeisikia ni Furaha.

"Papa, kuko upepo huko? Siko nakusikia."

"Hapana, mama, ni mashini."

"Sema nguvu!"

Nasema nguvu, anasikia nusu. Anasema, nasikia nusu. Zamani tulikuwa tunaongea saa nzima. Ikawa nusu saa. Ikawa dakika kumi. Jumapili moja alisema tu, "Papa, nimechoka kupiga kelele mbele ya bantu ya duka, tutaongea ingine siku," akakata. Nilibaki naangalia kioo cha kompyuta.

Niliogopa, siwafichi. Nilijiambia, huyu mtoto ananiponyoka, na anayeninyang'anya ni feni.

Halafu kuna jambo lingine, na hapa niwe mkweli.

Furaha alipopata kazi Ntoto hakutaka kuniacha. Alikubali kwa sababu mdogo wangu Bahati alikuwa anakaa kwangu, yeye na mke wake na watoto wanne. Aliniambia waziwazi: "Papa, naenda juu Baba mudogo iko na wewe. Kama hayuko, siendi."

Baadaye Bahati akashuka Goma na familia yote, juu ya masomo ya watoto. Nikabaki na vyumba vitatu na paka. Na paka mwenyewe akahamia parokiani, huko wanapika.

Sikumwambia Furaha. Ningemwambia angeacha kazi siku hiyohiyo. Kwa hiyo akiniuliza, "Baba mudogo iko wapi?" nilikuwa namjibu, "Iko inje na batoto, hausikii fujo yao?" Na kwa kelele ile ya feni, nani angebisha?

Basi nikaja hapa jukwaani kuomba msaada. Wengine mtakumbuka ule uzi. Mlinifundisha mengi, aksanti sana.

Mlinifundisha kwamba feni kubwa inayozunguka polepole inasukuma hewa sawa na feni ndogo inayokimbia, bila kulia. Kwamba hewa baridi iingie mbele chini, ya moto itokee nyuma na juu. Nikaagiza feni nne kubwa Goma, zikaja na pikipiki ya maziwa, nikaing'oa ile ndogo.

Kosa langu la kwanza: zote nne nilizifunga zitoe hewa nje! Mimi niliwaza kama jikoni kwetu. Huku kwa baridi tunaziba kila mahali, tunaacha tundu la juu moshi utoke. Hewa ya kuingia nani anaifikiria? Inajiingiza yenyewe kwenye nyufa. Case, lile boksi la kompyuta, haina nyufa, wakuu. Ikawa inavuta vumbi kupitia tundu la flash.

Mkuu mmoja hapa akanicheka mpaka basi, kisha akaniambia nishike kipande cha karatasi nyepesi mbele ya kila feni nione kinavutwa au kinasukumwa. Nikageuza mbili za mbele zikawa zinaingiza. Mbele yake nikaweka kipande cha soksi ya nailoni kuzuia vumbi.

Mtetemo nao. Feni ikifungwa moja kwa moja kwenye bati inaimba. Nilikata vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikaweka kati ya feni na bati kila kona. Huku mpira wa tairi unafunga kila kitu, kuanzia mzigo mpaka mlango wa choo, kwa hiyo hii sikufundishwa na mtu.

Nikafunga nyaya zote pembeni hewa ipite. Nikaingia BIOS, kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta, nikapanga feni ziende polepole mpaka digrii sitini, zipande kidogo kidogo baada ya hapo.

Nikawasha. Kimya! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Baada ya nusu saa, feni zote nne zikaanza kukimbia. Badala ya mashine moja ya kusaga nikawa nazo nne. Nikaangalia joto: karibu digrii tisini. Kirolirwe! Mahali ambapo mimi mwenyewe nalala na blanketi mbili!

Nikarudi kwenu. Mkasema lete picha. Nikapiga picha kwa kamera ya kazi: mbele, nyuma, juu, ndani. Mkaziangalia, mkasema setup iko safi, labda paste ya kupitisha joto la processor imekauka. Nikaagiza paste. Nikabadilisha. Joto lilelile. Mkasema power supply. Mkasema card ya video imechoka. Mkuu mwingine akasema nafunga feni vibaya na nitafute fundi mwenye macho. Siku hiyo nilifunga jukwaa kwa hasira, msinichukie.

Na kila Jumapili ni yale yale. "Papa, siko nasikia." Dakika tano. Dakika tatu. Jumapili moja hakupiga kabisa. Nilikaa mbele ya kompyuta kuanzia saa tisa mpaka jua la solar likaisha, nimevaa shati la misa.

Yule aliyenifungua macho hajui hata feni ni nini.

Mama Riziki, jirani yangu, alikuja kuchapisha hotuba ya ubatizo wa mjukuu wake. Ni mama mnene, mchangamfu, akisimama lazima aegemee kitu. Akaegemeza mkono juu ya kompyuta, mara akaruka.

"Yesu! Papa Furaha, iko unapiga pasi ndani ya hii kitambaa?"

"Kitambaa gani?"

"Hii! Shika! Iko ya moto sawa mutoto wa malaria!"

Wakuu.

Ngoja niwaeleze. Kwetu hakuna kitu cha thamani kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata chupa ya chai ina chake. Mke wangu marehemu alikuwa fundi wa vitambaa. Cha televisheni alikitarizi maua ya bluu pembeni, na kwa nyuma akakishonea kitambaa kingine kizito ili kikae vizuri. Televisheni ilipokufa, nikakifunikia kompyuta. Ni kikubwa, kinafunika juu kote, nyuma kinashuka, mbele kinafika karibu na kitufe cha kuwashia.

Kila asubuhi nafuta vumbi, nakikung'uta, nakitandika, nawasha kompyuta. Miaka yote. Mkono unafanya wenyewe.

Na kila nilipowapigia ninyi picha nilikitoa kwanza! Niliona aibu. Nilisema vijana wa jukwaani wataniona mzee wa kijijini na maua yake. Nikimaliza kupiga, nakirudisha. Ndiyo maana hakuna hata mmoja wenu aliyegundua. Mngegundua vipi?

Nikakitoa mbele ya Mama Riziki. Joto likaanza kushuka: themanini, sabini, sitini na mbili. Feni zikapunguza moja baada ya nyingine mpaka nikasikia karatasi ya Mama Riziki ikitoka kwenye printer, na baada yake sikusikia kitu.

Mama Riziki alicheka, akashika kiuno, akacheka tena. "Kumbe mke yako njo alikuwa anaipika!"

Nikacheka na mimi. Alipoondoka nikakunja kile kitambaa, kikiwa bado na joto, nikalia. Nilikuwa nimegombana na feni, na paste, na ninyi wote, na kitu chenyewe kilikuwa mkononi mwangu kila asubuhi. Na kukitoa ilikuwa kama namwambia marehemu mama yake Furaha atoke chumbani. Mtasema ni kitambaa tu. Sawa.

Jumapili ikafika. Niliwasha mapema, nikaweka sahani yangu ya ugali na maharagi pembeni maana sikuwa nimekula, nikangoja. Saa tisa na robo ikaita.

"Papa?"

"Mama, nakusikia."

Nilikuwa nasikia vitu ambavyo sijawahi kusikia: kuku wa Papa Muhindo, mtu anauliza sabuni, Furaha mwenyewe anavuta pumzi.

"Papa, umetengeneza mashini?"

"Nimetengeneza. Sasa unaweza kusema pole pole tu."

"Inasikilika muzuri. Papa. Batoto ya Baba mudogo biko wapi?"

Nikafungua mdomo kusema wako inje. Nje kulikuwa kimya. Hata ng'ombe siku hiyo walikuwa mbali.

"Papa, nyumba yako haina muntu."

Hakuniuliza. Alisema.

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya maharagi. Ile ya mwaka yenye imepita."

"Na ile fujo yote yenye nilikuwa nasikia?"

"Ni mashini."

Nikamsikia analia. Zamani akilia nisingejua, feni ingemeza. Safari hii nilisikia mpaka alivyofuta pua. Akaniambia kumbe muda wote huo alikuwa anakata mapema akidhani naenda kukaa na watu. Alikuwa anasema moyoni, ngoja nimwache baba acheze na watoto, kelele zenyewe ndizo hizo.

Alipotulia akaniuliza, "Umekula?"

"Sahani iko hapa."

"Basi kula."

"Tutaongeaje nikiwa nakula?"

"Tusiongee. Kula, Papa. Miye niko hapa."

Nikala, wakuu. Kijiko kikigonga sahani, yeye kule Ntoto anakisikia, hasemi kitu. Papa Muhindo akapita akamuuliza kama amemaliza, akamjibu, "Bado, papa yangu anakula." Nilikula mpaka mwisho, nikafuta sahani kwa tonge. Kilikuwa chakula changu cha kwanza na mtu tangu Bahati aondoke.

Furaha hajarudi nyumbani, na sijamwomba arudi. Wagonjwa wa Ntoto wanamhitaji. Alinigombeza sana Jumapili iliyofuata, alinigombeza kwa utaratibu kabisa, na nilifurahi kila neno. Sasa Jumapili nangoja saa tisa ndiyo nile.

Nilichojifunza mimi: panga hewa iingie na itoke, chukua feni kubwa uziendeshe taratibu, weka mpira kwenye kona, na usifunike chochote hata kama kimetariziwa na malaika. Ukiomba ushauri, piga picha kitu kama kinavyokaa kila siku, pamoja na kile unachokionea aibu. Na kama kuna mtu anakupigia kutoka mbali, usimwekee kelele akudhanie una watu.

Mwenye swali la feni aulize, nitajibu jua likiwaka. Na kama na wewe una mtu Walikale, Kigoma, Mombasa au popote anayeamini hauko peke yako, tuandikie hapa chini ulimwambiaje, ao bado unamdanganya. Nitasoma zote. Muda ninao.