Gari Likizimwa Ni Nyumba

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ipi ni bora: kamioneti iliyogeuzwa nyumba, au karavani inayovutwa na gari. Katika Lubumbashi swali hilo linaweza kupita miaka ishirini bila kumkosesha mtu usingizi. Lakini jibu ninalo, nililipata kwa jasho, na sioni kwa nini nife nalo.

Wakati Katanga ilipojitenga na Kongo, nilikuwa na mke, mwaka mmoja na nusu wa chuo kikuu, na kazi ya ukarani kule Kipushi, mji wa migodi nje ya Lubumbashi. Kazi ilitangulia kuondoka. Baba yangu alizaliwa Kasai, jimbo la jirani, kosa nililolitenda kabla sijazaliwa, na nchi mpya ilikuwa na haraka ya kurekebisha makosa ya namna hiyo. Kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kazi, nayo ikaifuata kazi. Mimi mwenyewe nilizaliwa Kamalondo, hapahapa Lubumbashi, na sikuwahi kuiona Kasai hata kwa mbali, ila jambo hilo halikuwa na nafasi yake kwenye fomu.

Mzungu mmoja aliyekuwa anakimbilia Rhodesia aliniachia kamioneti yake, nami nikampa gramafoni yangu. Yeye aliondoka na gari lake jingine, jambo ambalo lingepaswa kunifundisha kitu. Zamani kamioneti hiyo ilikuwa ya kugawa mikate. Aliitoboa madirisha, akaweka kitanda cha kukunja, jiko dogo la gesi, tangi la maji, na pazia la maua kati ya kiti cha dereva na chumba cha nyuma. Alinieleza habari za kitanda kwa saa nzima. Habari za injini alizimaliza kwa sentensi moja: “Usiizime ukiwa na haraka.”

Tuliiegesha nyuma ya karakana moja kule Kipushi tukahamia humo, mke wangu na mimi. Siku za joto kuta zilitoa harufu ya mkate. Tulikuwa watu wasio na kazi tulioamka kila asubuhi na harufu ya kifungua kinywa cha wengine.

Kaka wa mke wangu, shemeji yangu, alikuwa fundi cherehani huko Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Mteja wake mmoja wa Kizungu alikwenda likizo akaacha suti mbili ambazo hazijamalizika na karavani uani, na hakurudi kuchukua chochote. Shemeji alizimaliza suti kwa uaminifu. Karavani aliipaka rangi ya maziwa, akaishonea mapazia yenye mikunjo, na akaiunganisha na gari lake dogo jeusi kwa ndoano aliyoichomelea nyuma. Kila Jumapili baada ya misa aliifuta kwa kitambaa cha suti. Nimewahi kuona watoto wachanga waliooshwa kwa uangalifu mdogo kuliko ule.

Tangu siku hiyo hatukuwa na mazungumzo mengine. Nchi ilikuwa inagawanyika, redio ilikuwa inatisha, na sisi wawili tulikaa uani Katuba tukibishana juu ya magurudumu.

“Weye unalala mu tumbo ya motere,” alikuwa akiniambia, maana injini kwetu ni motere. “Ikikufa motere, umekufa na nyumba. Miye, motokari iko mbele, nyumba iko nyuma. Kila kimoja na cheo chake.”

“Yako haijui kurudi nyuma.”

“Mwanaume anarudi nyuma kufanya nini?”

Hoja yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa mama yake. Kwetu mwanamume na mama bukwe, yaani mama mkwe, hawalali chini ya paa moja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na la kusema hulisema kupitia mtu wa tatu. Si chuki. Ni heshima, na heshima inahitaji vyumba viwili. Kamioneti yangu ilikuwa na chumba kimoja na pazia. Mama bukwe alipokuja kututembelea Kipushi, alikaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaisifu rangi ya matairi, kisha akarudi kwake Katuba.

Asubuhi moja nilimwacha mke wangu kwa jirani, nikaenda mjini na kamioneti kutafuta kazi, yaani nikizunguka ofisi ambazo ziliuliza kwanza baba alizaliwa wapi. Mchimba madini mmoja aliyetoka Kipushi kwa baiskeli akanifikishia karatasi kutoka kwa mke wangu. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, na mkunga wa dispansari alikuwa ameondoka pamoja na Wazungu. Karatasi ilisema: “Uchungu umeanza. Mlete mama. Usije bila yeye.”

Mtoto wa kwanza bila mama wa binti mlangoni ni jambo ambalo kwetu halisamehewi, na mke wangu alikuwa mtu wa kusamehe mara moja kwa mwaka. Nilikwenda Katuba mbio.

Shemeji alisema atatuongoza yeye, na mama atakaa kitako kwenye gari jeusi kama malkia. Lakini hakuwa tayari kuondoka bila karavani. Aliamini kwamba akiipa mgongo, jirani angehamia. Basi akaanza. Akapandisha miguu ya karavani. Akashusha mguu mmoja kwa sababu haukupanda sawa. Akafunga kabati kwa kamba ili sahani zisivunjike. Akarudisha gari nyuma ili kuikamata ndoano, akaikosa. Akarudisha tena, akaikosa upande wa pili. Jua lilipofika utosini, bado alikuwa anailalamikia taa moja ya nyuma iliyokataa kuwaka, kana kwamba Kipushi kuna mtu angeiangalia.

Kamioneti yangu ilikuwa inaunguruma barabarani tangu nilipofika. Niliukumbuka ushauri wa Mzungu.

Mama bukwe alisimama na birika lake mkononi, birika kubwa la bati ambalo hakusafiri bila kulibeba. Aliitazama kamioneti kwa muda mrefu, kisha akatoa hukumu, huku akimwambia mwanawe ili mimi nisikie.

“Motere ikilia, iko motokari. Mutu anaweza kupanda motokari na mukwe wake. Motere ikinyamaza, iko nyumba. Basi isinyamaze.”

Akapanda nyuma, akavuta pazia la maua, tukaondoka. Shemeji alipiga kelele kwamba yuko nyuma yetu.

Tatizo lilijitokeza kabla hatujatoka mjini: hapakuwa na mtu wa tatu. Mama bukwe alilitatua haraka kuliko profesa yeyote niliyewahi kumsikiliza.

“Birika,” nikasikia nyuma ya pazia, “ambia ule mwenye kuendesha: mashimo ile, alikuwa anaitafuta?”

Sikujua adabu inataka nimjibu nani. Nikauinamia usukani. “Usukani, ambia birika: barabara iko mubaya.”

“Birika, ambia usukani: barabara iko mubaya kwa bantu yote, lakini bengine banazunguka.”

Tuliendelea hivyo. Mwaka mmoja na nusu wa chuo kikuu, na nilikuwa ninashindwa kwa hoja na chombo cha kuchemshia chai.

Katikati ya njia palikuwa na kizuizi cha askari: mapipa mawili, mwanzi juu yake, na wanaume watano wenye bunduki waliokuwa hawajalala vizuri. Mkubwa wao, mtu mnene mwenye kofia ya chuma iliyomzidi, alichukua karatasi zangu. Niliyaona macho yake yakishuka mstari kwa mstari kuelekea pale palipoandikwa asili ya baba. Niliwajua watu waliosimamishwa kwenye mstari huo na hawakufika walikokuwa wanakwenda.

“Zima motere,” akasema.

“Shefu, nikizima, haitawaka.”

“Nimesema zima!”

Nikazima. Kimya kikaingia. Kabla sijainua mikono, mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo, mama bukwe akashuka na birika lake, akavuka barabara mbele ya bunduki tano, akaketi chini kwenye majani, akatugeuzia mgongo sote.

“Mama!” askari akapaza sauti. “Nani alikuambia ushuke?”

“Motere imenyamaza.”

“Na halafu?”

“Motere ikinyamaza, iko nyumba. Miye siwezi kukaa mu nyumba moja na mukwe wangu.”

Nchi mpya ilikuwa na bendera yake, noti zake na stempu zake. Haikuwa imepata nafasi ya kutengeneza mama bukwe wa aina mpya. Mkubwa wa askari alimwangalia yule mama, akaiangalia kamioneti, kisha akanigeukia kwa uso wa mtu aliyegundua uhalifu wa kweli.

“Ni mama bukwe wako ule?”

“Ndiyo, shefu.”

“Na ulimutia mu chumba moja na weye?”

“Ilikuwa inatembea, shefu.”

“Bantu ya masomo!” akawaambia wenzake, na wote wakatikisa vichwa. “Banasoma, banasoma, na haya inabaki ku masomo.” Akanirudishia karatasi bila kufika kwenye mstari ule. Ilikuwa dhahiri kwamba mahali alipozaliwa baba yangu hapakuweza kuongeza chochote kwenye aibu yangu.

Kisha akaenda kusimama katikati yetu, kwa kuwa mtu wa tatu alikuwa amepatikana. Mama bukwe alifurahi kupata kitu chenye masikio. “Shefu, ambia mukwe wangu: mutoto wangu anazaa ku Kipushi, na yeye anakaa hapa anatazama ndege.” Shefu akaniambia, neno kwa neno, kwa Kiswahili kilekile. Nikajaribu kuwasha. Kamioneti ilikohoa, ikafa. Askari wakatusukuma mpaka wakatoka jasho. Ilikuwa nyumba, na ilikuwa imeamua kubaki nyumba.

Hapo ndipo shemeji alipofika, anapiga honi kwa fahari. Wakamwamuru arudi nyuma kidogo. Niliwahi kusema kwamba yake haijui kurudi nyuma, lakini sikuwahi kutaka kuwa sahihi kiasi kile. Alivuta usukani kulia, karavani ikaenda kushoto. Akavuta kushoto, ikajikunja, ikalala kwa upana wake wote barabarani. Kwa dakika tano fundi cherehani mmoja alikuwa amejenga kizuizi ambacho serikali ilishindwa kukijenga. Askari waliizunguka kwa heshima. Mmoja alichungulia ndani akaona mapazia.

“Shefu,” akasema mama bukwe, bila kugeuka, “ambia na mutoto wangu mwenyewe. Dada yake iko na uchungu.”

Kwa huyu hakuhitaji mtu wa tatu, alikuwa mwanawe wa kumzaa. Lakini alimtumia shefu, na shemeji alielewa kwa nini: alikuwa amekasirikiwa. Alishuka. Aliiangalia kamioneti yangu iliyokufa, akamwangalia mama yake kwenye majani, akaiangalia karavani kwa muda mrefu zaidi. Akatoa leso mfukoni, akafuta alama ya kidole aliyoiacha askari kwenye dirisha. Kisha akachuchumaa, akavuta pini ya ndoano.

“Leta munyororo,” akaniambia.

“Karavani je?”

“Nimesema leta munyororo.”

“Tutaichunga,” shefu akaahidi. Waliichunga. Nilipopita tena mwezi uliofuata, ilikuwa imewekewa bomba la moshi na shefu alikuwa amelala ndani, mapazia yamefungwa vizuri.

Tukaifunga kamioneti kwenye ndoano ya gari jeusi. Mama bukwe akakaa mbele na mwanawe. Mimi nikashika usukani wa nyumba inayovutwa, peke yangu, nikijibizana na birika lililorudishwa na kusahauliwa kwenye kiti cha pembeni yangu. Na hapa ndipo jibu langu lilipo. Nunua kamioneti, lakini hakikisha shemeji yako ana karavani.

Tulifika Kipushi jua likiwa bado juu. Mke wangu alikuwa kwa jirani, katika chumba chenye watu saba. Mama bukwe aliingia, akatoka, akanyoosha kidole. Alitaka mahali penye kitanda, jiko, maji na mlango unaofungika. Wakamleta mke wangu kwenye kamioneti. Haikuwa imenyamaza tu, ilikuwa imekufa. Kwa hiyo ilikuwa nyumba kabisa, na mimi nilikuwa mtu wa nje kabisa. Nilikuwa wa nje kwa wiki sita, kwa sababu mama bukwe alikaa na bintiye, nami nikalala katika gari jeusi alilotuachia shemeji, nimekunja magoti. Nimelala katika kamioneti na katika gari la karavani, naomba nisibishiwe.

Lakini alasiri ile tulikaa tu, shemeji na mimi, kwenye viti vya mbele vya gari jeusi, na nyuma yetu ndoano isiyo na kitu. Shemeji akasikiliza, kisha akasema, “Kitanda yako inalia sana.”

“Ni springi.”

“Yangu ilikuwa hailie.”

Kisha ikalia sauti nyingine, ndogo na yenye hasira. Shemeji akanishika mkono, hakuuachia. Dirisha la kamioneti likafunguka kwa upana wa kiganja.

“Birika,” ikasema sauti ya mama bukwe, “ambia ule mwenye kuwa inje: iko mutoto mwanamuke. Na mama yake iko muzima.”

Nilitafuta mtu wa kunijibia. Shemeji alikuwa analia, hakufaa. Basi nikauinamia usukani, ingawa haukuwa wangu, nikauambia uliambie birika asante.