Kiti cha Mgongo wa Mama

Mama alianza kubeba mizigo kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza, kati ya Rwanda na Kongo, kabla sijaingia shule: magunia ya unga kwenda Bukavu, mabunda ya vitenge kurudi. Mgongo ukapinda taratibu, hata viti vyote vya nyumbani vikamshinda. Wageni wakija, wao walikaa vitini, yeye akashuka mkekani, katika nyumba aliyoijenga kwa mgongo huohuo.

Mwaka jana nilimpeleka Giheke kwa mzee mmoja seremala. Karakana yake ni paa la mabati juu ya nguzo za mkaratusi. Nilidhani atatuonyesha viti vilivyo tayari. Badala yake alijaza maranda kwenye gunia, akaliegemeza kwenye meza yake ya kazi, akamwambia Mama aketi aliegemee.

Mama akajikaza, kama mtu anayepigwa picha.

"Hapana kujinyoosha, Maman," mzee alisema. "Ikala tu vile unaikalaka kwako."

Akalegea. Alipoinuka, mzee alipiga magoti, akapima kwa kamba bonde ambalo mgongo wake uliacha kwenye gunia. Kisha akampima miguu, kutoka goti hadi kisigino.

Tulirudi baada ya wiki mbili. Kiti kilikuwa cha mbao nyekundu kutoka Kongo, kimepigwa msasa hadi kinateleza. Mama akakaa, akashukuru. Mimi nilishaanza kukitafutia kamba ya kukifunga, lakini mzee alikuwa akimtazama bega la kushoto.

"Maman, unanidanganya. Inakuumiza hapa."

Mama akacheka kwa aibu. Mzee akachukua nyundo, akakifungua kiegemeo chote mbele yetu, akaanza upya.

Kiegemeo kipya kilipokamilika, Mama alikaa tena. Aliegemea. Nyayo zote mbili ziligusa chini, na uso wake ukanitazama bila kuinua shingo. Mzee aligeuka, akajifanya anatafuta patasi.

Njiani nilitaka kukifunika kiti kwa sababu ya vumbi.

"Toa hiyo kitambaa," Mama alisema. "Acha batu baone."

Nikakibeba kichwani, yeye mbele na fimbo yake. Mwenye pikipiki mmoja alisimama kuuliza kama kinauzwa.

"Hii haitakuenea, papa," Mama akamjibu. "Iko ya mugongo yangu."

Sijawahi kutembea nyuma ya mtu kwa fahari kama siku ile.