Kadi Iliyoshonewa Kifuko

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Mama Upindo. Ukimpelekea kitambaa cha sare ya mtoto, atakuachia upindo wa kiganja kizima kwa ndani ili nguo ishushwe mtoto akirefuka. Sabuni ikibaki kijipande, anakibandika kwenye mche mpya. Mimi humtania kwamba hata pumzi anavuta nusu, nusu anaweka akiba. Anacheka, lakini habadiliki. Kaka yangu alipofariki alimwachia binti mmoja na cherehani moja, basi.

Binti huyo tunamwita Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa hapumzishi mdomo.

Serikali ilipoanza kutoa bima ya afya kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, tulikwenda pamoja kuwaandikisha, wanangu na Chiriku. Kadi za wanangu zilichakaa upesi, moja ina doa la chai mpaka leo. Ya Chiriku ilishonewa kifuko chenye bitana na zipu, ikatundikwa ukutani juu ya cherehani, mahali mtoto hafiki. Wateja walioneshwa. "Ya mwanangu hiyo," alikuwa akisema, uso umemchangamka. Mimi nilidhani anaitumia kama sisi.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, nilikwenda kumsaidia kushona vifungo. Chiriku alikuwa sakafuni, ametupa mgongo, anapanga mabaki ya vitambaa. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nilipomgusa bega alishtuka, akageuka na kunitazama midomo. Ndipo nikaona pamba sikioni, imeloa.

"Wifi, mtoto huyu hasikii."

"Anasikia akitaka," alijibu, mguu bado uko kwenye pedali. "Hata mwalimu kasema siku hizi amekuwa mkaidi. Sikio linatoa usaha kidogo tu, nalisafisha kwa maji ya chumvi."

"Tangu lini?"

"Linapona, linarudi."

"Na hospitali wanasemaje?"

Hapo cherehani ikasimama. Nilitazama kifuko pale ukutani, nikakishusha mwenyewe na kufungua zipu. Kadi ilikuwa inang'aa vilevile kama siku tuliyopewa.

"Hujaitumia hata siku moja?"

"Naitunza, wifi. Nikiimaliza kwa masikio na mafua, siku akipata ugonjwa mkubwa nitashika nini?"

Hasira zilinipanda, na maneno yalikuwa yamenifika mdomoni. Kisha akaichukua kadi mkononi mwangu, akaanza kuirudisha kwenye kifuko. Kila kitu alichowahi kushika, gesi, unga, vocha ya simu, kinapungua kikitumika. Kwa nini adhani hiki ni tofauti? Yule bwana wa uandikishaji alituonya tusipoteze kadi, akatuaga. Habari kwamba haiishi kwa kutumiwa hakuigusa kabisa. Mimi nilijua kwa sababu wanangu huugua ovyo na sina subira.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye zahanati. Tabibu, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimulika masikio yote mawili, akarudia kumulika. Ngoma za masikio zilikuwa zimetoboka. Akauliza mbona tumechelewa hivi. Wifi hakuficha. Alieleza yote, macho yake chini, jinsi alivyokuwa anaweka kadi kwa ajili ya ugonjwa mkubwa.

Tabibu hakucheka. Aliichukua kadi, akaiweka kwenye kiganja cha wifi na kukifumba.

"Mama, hii haipungui, hata ukija kila wiki. Na ugonjwa mkubwa ndio huu."

Wifi alijikaza mpaka getini. Pale alikaa ukingoni mwa barabara, akalia bila kufunika uso, watu wakipita. Nilikaa naye. Sikuwa na hasira tena, nilimwonea huruma tu. Chiriku alisimama mbele yetu akiuliza kwa sauti ya juu, "Shangazi, mama analia nini?" Nami sikuwa na njia ya kumjibu akanisikia.

Tangu hapo wifi anampeleka Chiriku kusafishwa masikio na kutiwa dawa bila kukosa, na kadi imepata mikwaruzo. Tundu la sikio la kulia limeanza kuziba na kupona. La kushoto bado, na tabibu hajatuahidi kitu.

Juzijuzi nilikuwa pale pale, natia vifungo. Wifi alikanyaga pedali, na Chiriku, aliyekuwa ametupa mgongo, akasema bila kugeuka, "Mama, cherehani yako inalia."

Wifi akasita. "Inalia tangu mwaka jana, mwanangu."

"Mbona hujaitia mafuta?"

Kikopo cha mafuta kiko kwenye droo, kimejaa. Mama Upindo, ambaye hajawahi kuacha kitu kiharibike, hajakigusa mpaka leo. Kila asubuhi, kabla ya kushona chochote, anakanyaga pedali mara moja na kumtazama mtoto kama amesikia.