Prosesa Moja, Skrini Mbili

Ijumaa saa kumi jioni ndipo hasira iliponipanda. Mjomba alikuja kulala kwetu, mtaa wa Najma, akaikuta kompyuta kuukuu niliyoifufua, yenye skrini mbili na kibodi mbili ili watu wawili waitumie pamoja.

"Hongera, fundi!" akamwambia kaka yangu. "Kila skrini ina prosesa yake?"

Kaka, asiyejua hata kushika bisibisi, akajibu, "Naam, mjomba."

Mwongo mkubwa! Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ni moja tu, ya zamani. Inamhudumia huyu kidogo, inarukia kwa yule, upesi hadi kila mmoja anadhani ni yake peke yake. Mimi na aibu zangu nikawamiminia chai.

Asubuhi, mjomba akinywa uji, nilifungua kifuniko cha kompyuta mbele yake.

"Hesabu mwenyewe, mjomba. Na fundi ni mimi."